Jinsi ya kumaliza ubishi wa kuandika kashfa za kampuni ya magemu bila kufutiana kazi

Kama umewahi kugusa makala ya kampuni kubwa ya magemu kwenye Wikipedia, au kamusi elezo yoyote inayohaririwa na watu wengi kwa pamoja, unajua inavyokuwa: leo umeandika aya kuhusu kesi au malalamiko ya wachezaji, kesho unakuta imefutwa, unairudisha, inafutwa tena, na hapo wewe ushaitwa mwenye chuki na yeye ushamwita kibaraka wa kampuni. Nimepita humo, na ninavyoona mimi wengi wanakwama kwa sababu wanabishania swali ambalo makala haiwezi kulijibu, yani kampuni hii ni mbaya au siyo mbaya. Hilo liacheni. Kinachoweza kumalizwa ni sentensi mojamoja: nani alisema, lini, na baada ya hapo ikawaje.

Nitatumia Electronic Arts, yani EA, kama mfano, maana ni kampuni ya tangu 1982 na malalamiko dhidi yake yako ya kila aina, ya wafanyakazi, ya wachezaji, ya serikali, kwahiyo karibu kila ubishi unaoweza kutokea kwa kampuni nyingine kwa EA ushatokea.

Cha kwanza kabisa, acheni kurudisharudisha. Hata kama una haki. Wikipedia ya Kiingereza ina sheria kwamba ukitengua kazi ya wenzako zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja unaweza kufungiwa, na sheria haiangalii nani alikuwa sahihi, na hata ukikaa kwenye mara mbili kila siku wiki nzima bado ni vita na wasimamizi wanaiona. Makala ikae vibaya siku mbili tatu, haitakufa mtu. Isipokuwa kitu kimoja: kama kuna tuhuma juu ya mtu aliye hai, labda bosi au mfanyakazi anatajwa kwa jina halafu hakuna chanzo cha maana, hiyo toa sasa hivi, mjadala utafuata.

Halafu nenda ukurasa wa majadiliano uweke sentensi zenyewe zinazogombaniwa. Usiandike "sehemu ya kashfa imeegemea upande mmoja", hapo kila mtu atajibu anachokiona yeye kichwani na mtajaza kurasa bure. Nakili sentensi ya kwanza, weka chanzo chake chini, uliza tatizo ni nini hapa. Utashangaa, kati ya sentensi kumi zinazopigiwa kelele mara nyingi saba hakuna anayezikataa, ugomvi uko kwenye mbili tatu.

Sasa hizo mbili tatu zitenganisheni, maana "kashfa" ni kapu watu wanatupia kila kitu. Kuna jambo lililofika mahakamani au kwa mdhibiti likapata mwisho wenye tarehe na kiasi. Kuna hasira ya wachezaji ambayo vyombo vya habari vimeiandika. Na kuna lawama za mitandaoni tu ambazo hakuna mwandishi aliyezishughulikia, hizo hazina nafasi hata kama wewe binafsi uliumia na gemu lile. Ukizichanganya mtetezi wa kampuni atashika ile dhaifu kuliko zote aitumie kufuta na zile nzito, nimeona hii mara nyingi sana.

Mfano wa kwanza, mwaka 2004 mwezi wa kumi na moja kuna barua ilitoka bila jina, imeandikwa na mchumba wa mfanyakazi wa EA, inaeleza jinsi watu walivyofanyishwa kazi masaa mengi wiki nzima bila malipo ya ziada. Barua peke yake ni lalamiko la mtu mmoja. Lakini kukawa na kesi za wafanyakazi kuhusu ovataimu, na EA ikakubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wasanii wa picha na baadae dola milioni 14.9 kwa waprogramu. Hapo ndo unaona tofauti: anayesema "hiyo ni barua tu ya mtandaoni ifutwe" amekosea kwa sababu ina mwendelezo, na anayetaka kuandika "EA ilipatikana na hatia" naye amekosea kwa sababu kukubaliana nje ya hukumu siyo hukumu. Andika "ilikubali kulipa". Maneno mawili tu, na yanazima moto wa wiki nzima.

Sehemu ambayo ningeomba mtulie nayo kuliko zote ni hiyo ya "ikawaje", maana ndipo makala nyingi zinapodanganya bila mtu kukusudia. Chukua maboksi ya bahati, yale unalipa pesa bila kujua ndani utapata nini. Mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Uholanzi iliipiga EA faini ya euro milioni 10 kwa sababu ya pakiti za wachezaji ndani ya gemu lake la mpira la FIFA, na Oktoba 2020 mahakama ya chini ikaiunga mkono faini hiyo. Habari ikasambaa dunia nzima, wahariri wakaiweka kwenye makala, safi kabisa, ilikuwa kweli. Ila Machi 2022 chombo cha juu cha rufaa za kiutawala kule Uholanzi, Raad van State, kiliifuta faini, kikasema zile pakiti ni sehemu ya gemu kubwa la ujuzi na haziwezi kuhesabiwa kama mchezo wa kamari unaojitegemea. Hii ya pili haikupigiwa kelele kama ya kwanza, kwahiyo unaweza kukuta makala imesimama 2020 kana kwamba EA bado inadaiwa, na mtu akija kuirekebisha anaambiwa anasafisha kampuni. Hasafishi, anamalizia hadithi. Na kinyume chake pia kipo, mwingine atataka kutumia hukumu ya 2022 kufuta aya nzima, hapana, faini ilitolewa na ikafutwa, vyote viwili viandikwe, ikiwezekana sentensi moja baada ya nyingine. Tena usiichanganye na Ubelgiji, kule mdhibiti wao alisema Aprili 2018 kwamba maboksi ya aina hii yanavunja sheria ya kamari na EA ikaacha kuuza FIFA Points, yani pointi za kununulia pakiti hizo, huko Januari 2019. Nchi mbili, sheria mbili, matokeo mawili, anayeandika "Ulaya imepiga marufuku" hajasoma.

Sheria yangu kwa hiyo ni hii, kabla hujabonyeza kuhifadhi tuhuma yoyote tafuta mwisho wake. Kama haujafika mwisho, andika tarehe ya hatua ya mwisho inayojulikana ili msomaji wa miaka mitano ijayo ajue ulisimama wapi.

Upande wa hasira za wachezaji, ugomvi mkubwa unakuwa ni kiasi gani kiandikwe. Gemu la Star Wars Battlefront II la 2017 ni rahisi: jibu la EA kwa malalamiko ya mchezaji kule Reddit, jukwaa la mijadala mtandaoni, lilipigwa kura za kulikataa zaidi ya 600,000, likaingia kwenye rekodi za Guinness, kampuni ikazima manunuzi ya ndani ya gemu kabla tu halijatoka Novemba 17, na yaliporudi 2018 yakawa ya vitu vya muonekano tu. Hapo kuna tukio, kampuni imebadilisha uamuzi, vyombo vingi vimeandika, aya inastahili. Lakini ukurasa wa gemu lenyewe ndo ubebe maelezo marefu, wa kampuni ubebe sentensi mbili tatu, sio kunakili kila kitu pande zote. Gemu la SimCity la 2013 lililokwama sababu ya seva nalo hivyohivyo.

Kura ya Consumerist, tovuti ya Marekani iliyokuwa inatetea wateja, inaleta fujo kila mara. Ni kweli wasomaji wao waliipa EA jina la kampuni mbaya kuliko zote Marekani mwaka 2012 na 2013, miaka miwili mfululizo. Shida ni watu kuandika "ni kampuni mbaya kuliko zote" kana kwamba kuna aliyepima. Ni kura ya wasomaji, semeni ni kura ya wasomaji, semeni mwaka, semeni nani aliandaa, msiiweke kwenye aya ya kwanza ya makala, basi.

Kuna mtego mwingine ambao mimi mwenyewe niliingia, wa kuunganisha ukweli mbili tatu kupata hitimisho lako. Studio ya magemu ya Bullfrog ilinunuliwa na EA 1995 ikafungwa 2001, Westwood ikanunuliwa 1998 ikafungwa 2003, Visceral ikafungwa 2017. Kila tarehe ni sahihi. Lakini ukiandika "EA hununua studio ili iziue" hiyo ni hoja yako, hata kama roho inauma kwa studio ulizokua nazo. Tafuta mchambuzi aliyeisema hoja hiyo, mtaje ni nani, iwe maoni yake. Ukimkosa, weka tarehe zenyewe, msomaji ana macho.

Kuhusu sehemu ya peke yake inayoitwa "Kashfa" au "Ukosoaji", mimi siipendi na nitaendelea kuipinga, maana ikishafunguliwa inakuwa dampo, kila mwezi mtu anaongeza kitu na hakuna anayepunguza. Bora kesi za ovataimu zikae kwenye historia ya miaka ya 2000, maboksi ya bahati yakae pale unapoeleza kampuni inapataje pesa. Hapo msomaji anaelewa kwa nini jambo lilitokea, na anayetaka kufuta inakuwa ngumu maana atalazimika kutoboa historia nzima.

Mtu wa kampuni akija, usimfukuze. Masharti ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, tangu 2014 yanamtaka anayelipwa aseme analipwa na nani, akisema basi mwambie apendekeze masahihisho kwenye majadiliano wengine wayapime, mara nyingi wao ndo wanajua rufaa iliishaje. Asiposema na wewe una wasiwasi tu, usimtuhumu kwenye muhtasari wa hariri, yale maelezo mafupi unayoweka unapohifadhi, jibu sentensi yake.

Mkiwa wawili na mmekwama, ombeni maoni ya mtu wa tatu. Mkiwa wengi, fungueni mwito wa maoni, kawaida unakaa siku 30, ila swali liwe fupi na lisiegemee upande, wekeni matoleo mawili ya sentensi watu wachague na waeleze sababu. Anayefunga mjadala anaangalia uzito wa hoja, kwahiyo kuita marafiki waje kujaza majina hakusaidii na kunaweza kukuponza.

Mkishakubaliana andikeni palepale kwenye majadiliano: sentensi iliyokubaliwa, tarehe, vyanzo vilivyotumika na kwa nini ile nyingine ilikataliwa, halafu mkiacha kesi ambayo haijaisha wekeni alama kwamba inasubiri hukumu, ili mgeni atakayekuja mwakani na hasira zake aanzie hapo mlipofika.