Somo: Joho la mabegani la kuvaa pande zote mbili, lenye taraza

Joho halina mkono wala kwapa la kukusumbua, kwa hiyo hata aliyeanza cherehani juzi analiweza. Kinacholiharibu ni vitambaa visivyopatana: kimoja kizito, kingine laini, ukimaliza unakuta kimoja kimechungulia chini ya mwenzake. Chukua vya uzito mmoja, vifue na uvipige pasi kabla ya kugusa mkasi.

1. Kupima. Tunakata nusu duara. Pima shingo, gawanya kwa 3.14. Shingo ya sentimita 36 inakupa 11.5 hivi. Toa 1 ya mshono: 10.5. Urefu ukiwa 60, ukingo wa chini unakuwa 11.5 + 60 + 1, yaani 72.5. Kitambaa cha upana wa 150, urefu wa 75 kinatosha kila upande.

2. Kukata. Kunja upana katikati, mara moja tu. Shikilia mwanzo wa futi kwenye kona ya mkunjo, zungusha chaki kwa 10.5, kisha kwa 72.5. Kata. Rudia kitambaa cha pili.

3. Kutundika. Hapa ndipo wengi wanaruka. Sehemu zilizokaa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi za kitambaa, hulegea na kushuka, kila kitambaa kwa kiasi chake. Vitundike vyote usiku kucha, asubuhi pima tena kutoka shingoni na upunguze kilichozidi.

4. Taraza. Lesi au utepe, njia ni moja. Ilaze juu ya upande mzuri wa kitambaa kimoja, *urembo ukitazama ndani*, na piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu, milimita 8 kutoka ukingoni. Joho langu la kwanza niliutazamisha nje. Nilipogeuza, lesi yote ilikuwa imelala tumboni mwa joho, nikakaa jioni nzima nafumua. Kwenye mviringo usiivute, na konani ikunjekunje kidogo ipate nafasi ya kugeuka.

5. Kuunganisha. Laza cha pili juu, pande nzuri zikitazamana. Geuza ili bandi iwe juu unaiona, shona ndani yake kidogo, sentimita 1 kuzunguka kote, shingo pia. Acha uwazi wa sentimita 15 kwenye ukingo wa mbele ulionyooka. Chanja mshono wa shingo, punguza kona, geuza, sukuma kona kwa kijiti butu, pasi, funga uwazi kwa mkono.

Maswali

*Fundi, kifungo nikiweke upande gani?*
Pande zote. Shona vifungo viwili vikipeana mgongo, uzi uleule ukipita katikati. Tundu moja linatosha.

*Ni la mtoto wa miaka minne. Kamba za kufunga shingoni zinafaa?*
Hapana, dada. Likinaswa mahali, kamba inakaba. Weka velkro ndogo, ivutwe iachie yenyewe.

*Utepe wangu ni ule wa mawimbi. Bandi ipite wapi?*
Katikati kabisa, na mshono wa mwisho ufuate hapohapo. Nusu ya wimbi itamezwa na mshono, nusu itachomoza kama meno.

*Nimeshageuza, shingo imekunjamana.*
Hukuchanja vya kutosha. Rudisha ndani, chanja kila sentimita 1, mkasi usifike kwenye uzi.