Jinsi ya kujiandaa na mtihani wa AP kuanzia Agosti mpaka Mei, kwa nyie mlioko haiskuli Marekani

Kila Jumamosi nafundisha watoto wa jamii yetu hapa Columbus, Ohio. Wengi familia zao zimetoka Congo wakapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, wengine ni Wakenya na Watanzania waliozaliwa hukuhuku, na kila mwaka ikifika Machi napata meseji ileile, "dada mtihani umekaribia na sijui nianzie wapi". Sasa nimeamua niandike yote sehemu moja ili mwaka huu muanze mapema.

Kwa ambaye ndo anaisikia leo, AP ni masomo ya kiwango cha chuo ambayo unayasoma ukiwa bado haiskuli. Wanaoyasimamia ni College Board, mtihani unakaa Mei na alama zinaanzia 1 mpaka 5. Hapa Ohio vyuo vya umma vinatakiwa vikupe kredit ukipata 3 kwenda juu, vyuo vya binafsi vingi vinataka 4 au 5, kwa hiyo cheki chuo unachokitaka kinasemaje. Maana yake kuna darasa ambalo ungekuja kulilipia mamia ya dola au zaidi na wewe unaingia chuoni umeshalimaliza, na kwa nyumba ambayo mzazi anapiga shifti ya usiku weahausi hiyo ni hela ya maana kabisa.

HATUA YA 1: Chagua somo kwa akili

Usichukue masomo manne kwa sababu rafiki yako kachukua manne. Kama ni mwaka wako wa kwanza wa AP moja linatosha, mawili ukijiweza. Angalia una nini tayari mkononi. Wewe uliyesoma shule Bukavu au Bujumbura kwa Kifaransa, kuna AP ya Kifaransa na una mtaji ambao wenzako darasani hawana, ila fanya mazoezi ya ile sehemu ya kuongea maana unarekodiwa na muda wa kujibu ni mfupi. AP ya Kiswahili haipo, natamani sana siku moja iwepo. Lakini kwenye AP World History, yaani historia ya dunia, miji yetu ya pwani imo, na nitaitumia kama mfano hapa chini.

HATUA YA 2: Jisajili mapema, tafadhali sana

Shule ikifunguliwa ticha atakupa namba ya siri (join code) ya kujiunga na darasa kwenye AP Classroom, ule mtandao wa College Board wa masomo ya AP. Jiunge siku hiyohiyo. Halafu muulize ticha au kaunsela swali hili moja, "je nimeshaandikishwa kwenye mtihani wenyewe?" Kwa sababu kuwa kwenye darasa na kuandikishwa mtihani ni vitu viwili tofauti, na nina mwanafunzi alisoma mwaka mzima anapata A, shuleni kwake hakuna aliyemkumbusha, tumekuja kugundua Aprili kwamba jina lake halipo. Niliumia mno. Dedilaini huwa ni katikati ya Novemba na shule nyingi zinaweka ya kwao mapema zaidi, ukichelewa kuna faini.

Ada mwaka 2025 ilikuwa dola 99 kwa mtihani mmoja. Usiseme "hatuna" ukanyamaza. Mtoto anayepata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato cha familia kwa kawaida anastahili punguzo, na kuna majimbo na shule zinazomalizia kilichobaki, ila lazima uulize. Wazazi wetu wengi wanaona aibu kuuliza habari za hela ofisini kwa watu, basi nenda wewe mwenyewe kwa kaunsela, hiyo ndo kazi yake.

HATUA YA 3: Ujue mtihani kabla hujalisoma somo

Hapa ndo penyewe. Mimi nilipokaa AP yangu ya kwanza nilisoma kitabu chote kuanzia jalada mpaka jalada, nikapigia mistari, nikapata 2. Niliijua historia vizuri tu, lakini sikuwahi hata siku moja kuangalia wanasahihisha vipi, na ile 2 ndo imenifanya nifundishe ninavyofundisha leo.

Chukua World History. Maswali ya kuchagua 55 kwa dakika 55, maswali mafupi matatu dakika 40, halafu insha mbili, moja ya nyaraka inaitwa DBQ dakika 60, nyingine ndefu dakika 40. Ile DBQ peke yake ni asilimia 25 ya alama yako yote. Wanakupa nyaraka 7 na inasahihishwa kwa pointi 7, na kila pointi imeandikwa wazi unaipataje, yaani siyo suala la msahihishaji kapenda Kiingereza chako au hajakipenda. Watoto wetu wengi wanaogopa wakidhani lugha yao itawaangusha, jamani kosa dogo la sarufi halikunyimi pointi kama hoja inaeleweka.

Tuseme, kwa mazoezi tu maana DBQ ya mtihani wenyewe huwa inahusu miaka ya 1450 mpaka 2001, swali linauliza biashara ya Bahari ya Hindi ilibadilisha jamii kwa kiasi gani kati ya 1200 na 1450. Hoja kuu dhaifu ni "biashara ilibadilisha mambo mengi", hiyo pointi hupati. Hoja inayopata ni kama hii: ingawa wavuvi na wakulima wengi waliendelea na maisha yao ya siku zote, biashara iliibadilisha miji ya Waswahili kwa sababu dhahabu iliyopitia Kilwa iliwatajirisha watawala, na wafanyabiashara Waislamu wakaieneza dini yao. Umeona, kuna upande wa pili, kuna jibu na kuna sababu.

Pointi ya muktadha: eleza kilichokuwepo kabla au kinachozunguka swali, mfano pepo za kaskazi na kusi zilivyoamua jahazi liende lini na lirudi lini, mpaka wafanyabiashara wakawa wanakaa pwani miezi wanasubiri upepo, wengine wakaoa hapohapo. Hiki ni kitu ambacho bibi yako wa Lamu au Pemba angekuhadithia bila kitabu, ukiandike.

Nyaraka: ukitumia maudhui ya nyaraka tatu unapata pointi moja, ukizitumia nne kujenga hoja yako unapata ya pili. Kutumia maana yake useme inasaidia vipi hoja, ukinakili tu maneno yao hiyo ya pili huipati. Pointi nyingine ni ushahidi wako wa nje, kitu ambacho hakimo kwenye nyaraka, kwa mfano jumba la Husuni Kubwa pale Kilwa.

Halafu ile inayowashinda wengi, kueleza mwandishi ni nani na kwa nini kaandika hivyo. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akamsifia sana sultani kwa ukarimu. Usiishie hapo, sema alikuwa msomi wa sheria ya Kiislamu na wasafiri wa aina yake walikuwa wanapokelewa na kupewa zawadi na watawala, kwa hiyo ni kawaida aangalie ukarimu na dini kuliko maisha ya mtumwa au mvuvi. Fanya hivyo kwa nyaraka mbili. Inabaki pointi ya saba, ya uchambuzi wa kina, hiyo ifukuzie ukishazishika zile sita.

Ukipanga insha panga kwa Kiswahili kama ndo kichwa chako kinawaza haraka, ukianza kuandika geuza Kiingereza.

HATUA YA 4: Januari mpaka Aprili, insha moja kila wiki

Nenda AP Central, tovuti ya College Board, ni bure, kuna maswali ya miaka iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihishia na insha za wanafunzi wenyewe zikiwa na pointi walizopata. Jumamosi weka saa, andika DBQ moja dakika 60 bila simu, acha ilale. Jumapili isahihishe mwenyewe pointi kwa pointi. Uwe na daftari la makosa, andika "muktadha nimekosa, nimeandika sentensi moja tu" na wiki ijayo kazi yako ni hiyo moja. Wanafunzi wangu wakifika insha ya sita hivi wanaanza kuona pointi zinapanda, kabla ya hapo inachosha na inakatisha tamaa, vumilia tu.

Wa Calculus mfumo ni uleule ila kuna sehemu hairuhusiwi kikokotoo, na nyie mmezoea kubonyeza kila kitu, kwa hiyo nusu ya mazoezi yako fanya kwa mkono.

HATUA YA 5: Maswali ya kuchagua

Jibu yote. Kukosea hakupunguzi alama, utaratibu huo ulifutwa 2011, kwa hiyo usiache hata moja wazi. Swali likikushika zaidi ya dakika weka alama, chagua chochote, songa mbele, utalirudia.

HATUA YA 6: Wiki ya mtihani

Mitihani mingi sasa inafanyika kwenye kompyuta, kwenye app ya College Board inayoitwa Bluebook. Ifungue kabla, fanya lile jaribio la mazoezi uzoee saa inavyohesabu na jinsi ya kupigia mstari maandishi. Laptopu ijae chaji na chaja ubebe. Mitihani ya asubuhi inaanza saa mbili, lala mapema na waambie nyumbani wiki hiyo usiachiwe wadogo zako usiku.

HATUA YA 7: Julai

Matokeo yanatoka kwenye akaunti yako ya College Board, hivyo tumia imeili yako binafsi maana ya shule inaweza kufungwa ukimaliza. Kila mwaka unaruhusiwa kutuma alama kwa chuo kimoja bure ukikichagua kabla ya tarehe 20 Juni. Ukipata 2 usijifungie chumbani, vyuo haviwezi kuiona usipoituma, na Mei inayofuata unaweza kuukaa tena mtihani huohuo.