Kubeti siku Marekani itakapofungua serikali

Kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, daftari la mabeti nalishika mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge na mwandiko wangu unasomeka. Pesa hatuwekeani. Kila mtu anataja tarehe. Aliye mbali zaidi analipia baraza zima kahawa na kashata, aliye karibu anapata sahani ya haluwa. Ami yetu mmoja anasema hiyo nayo ni kamari. Kikombe chake lakini hakikatai.

Serikali ya Marekani ilipofungwa 1 Oktoba 2025, maana Bunge lao halikupitisha fedha za kuiendesha, tuliandika tarehe za watu kumi na mmoja. Yangu ilikuwa 17 Oktoba, kwa hiyo haya nawaeleza kama mlipaji.

Kabla ya tarehe, andikeni masharti. "Kufunguliwa" ni nini? Seneti kupitisha muswada, Baraza la Wawakilishi kupitisha, Rais kutia sahihi, au karani kurudi mezani? Sisi tuliandika sahihi ya Rais, tukajiona wajanja, tukasahau saa. Trump alisaini usiku wa 12 Novemba, saa nne na ushei kwa saa za Washington. Tanga ilikuwa saa kumi na mbili na ushei asubuhi ya tarehe 13, kahawa ya kwanza iko jikoni. Mmoja alikuwa na 12, mwenzake 13, na kila mmoja anaidai haluwa kwa haki yake. Walibishana mpaka adhuhuri. Tena saa zao hurudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba: Oktoba tunawatangulia kwa saa saba, baada ya hapo nane.

Sasa, nilikoseaje? Nilitazama mwaka 2013. Mwaka wao wa fedha huanza 1 Oktoba, si 1 Julai kama wetu, na mwaka ule nao walifunga siku hiyohiyo, wakafungua tarehe 17, siku 16 baadaye. Nikanakili. Sikujiuliza kilichowasukuma. Mwaka 2013 palikuwa na ukomo wa deni la taifa: Hazina yao ilishasema ifikapo 17 Oktoba nafasi ya kukopa inakwisha. Hiyo ndiyo fimbo iliyowachapa. Mwaka 2025 fimbo hiyo haikuwapo, na mimi nimekaa nasubiri tarehe isiyo na sababu. Baraza letu zima lilidhani kufungwa huko ni mgeni wa waja leo waondoka leo. Alikaa siku 43, akapita hata wa 2018 na 2019 aliyekaa 35.

Kwa hiyo tafuta fimbo. Mimi sasa natazama ndege. Waongoza ndege wao ni watumishi wa serikali, na serikali ikifungwa wanafanya kazi bila mshahara. Tarehe 25 Januari 2019 walipungua kazini, safari za LaGuardia, New York, zikakwama, na siku hiyohiyo serikali ikafunguliwa. Mwaka 2025 safari zilianza kupunguzwa kwa amri kwenye viwanja 40 tarehe 7 Novemba. Hesabu mwenyewe mpaka 12. Maneno ya wanasiasa kwenye redio yaache yapite.

Fimbo ikishaonekana, hesabu kura za Seneti. Wako 100, na muswada wa namna hii kwa kawaida unahitaji 60 ili mjadala ufungwe. Chama cha Republican kilikuwa na 53, na mmoja wao akakataa. Usiku wa 9 Novemba wanane wa upande wa pili walivuka, zikapatikana 60. Tarehe 10 Seneti ikapitisha, tarehe 12 Baraza la Wawakilishi likafuata kwa 222 dhidi ya 209. Wawakilishi walikuwa wametawanyika makwao tangu Septemba, ndiyo maana siku mbili za safari lazima uziongeze.

Na daftari lifungwe mapema. Kuna bwana alikuja tarehe 11 Novemba anataka kuandika 12. Nilimpa kahawa tu.

Huko kwao watu hubeti kwa dola kwenye Kalshi na Polymarket, masoko ya ubashiri ya mtandaoni: hisa ya senti 30 hulipa dola moja ukipatia, yaani soko linaona uwezekano wa asilimia 30 hivi. Kuzichungulia bei hizo si vibaya.

Haluwa waligawana nusu kwa nusu. Vikombe nikalipa mimi, nikafungua ukurasa mpya palepale, maana ofisi nyingi zilipewa fedha za mpaka 30 Januari 2026 tu. Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: SAA ZA WASHINGTON.