Dalili za Kutaga kwa Samaki wa Dhahabu na Matunzo ya Vifaranga Wao: Ushauri kwa Wafugaji wa Tabora na Kigoma

Mfugaji anayepoteza vifaranga vya samaki wa dhahabu katika wiki ya kwanza, mara nyingi huwa amechelewa tangu wiki mbili nyuma, pale dume alipotoa madoa meupe mashavuni na yeye akadhani ni ugonjwa, au akayaona na kungoja tu mayai. Chakula cha kwanza cha vifaranga hao ni vijiumbe vidogo sana vya majini, navyo huchukua takribani siku 7 hadi 14 kuoteshwa nyumbani. Kwa sababu hiyo dalili za kutaga zinapaswa kuchukuliwa kuwa ndiyo ratiba ya kazi: zikionekana, chakula cha vifaranga kianze kuandaliwa siku hiyo hiyo.

Samaki wa dhahabu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Carassius auratus, ni wa ukoo mmoja na karpu, na asili yake ni China, ambako amefugwa kwa urembo kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa tabia yake hutaga maji yanapopata joto baada ya kipindi cha baridi, hasa yanapofika nyuzi joto 20 hadi 23. Wafugaji wa Tabora wana bahati katika jambo hili. Mji uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 15, kisha joto hupanda Agosti na Septemba. Samaki waliowekwa katika tangi la nje au karo la saruji lenye kivuli huupata mpito huo bila mfugaji kufanya chochote. Kigoma mjini hali ni tofauti, kwa kuwa ukanda wa ziwa hauna baridi ya maana na maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kati ya nyuzi 24 na 27 karibu mwaka mzima. Huko inafaa kubadilisha robo hadi theluthi moja ya maji kwa maji yaliyopoa usiku, na kurudia zoezi hilo kwa siku kadhaa mfululizo mwanzoni mwa mvua. Mara nyingi samaki walioshiba vizuri huitikia.

Dume aliyekomaa, kwa kawaida akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, huota vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani. Vipele hivi ndivyo vinavyowachanganya watu wengi, kwa sababu ugonjwa wa madoa meupe nao huonekana kama chembe za chumvi zilizomwagwa juu ya samaki. Tofauti iko katika mpangilio na tabia. Vipele vya uzazi hukaa mashavuni na kwenye ukingo wa pezi peke yake, vikiwa vimejipanga, na samaki anakula na kuogelea kwa nguvu. Madoa ya ugonjwa hutawanyika mwilini, mkiani na kwenye mapezi yote, huongezeka siku hadi siku, na samaki hujikwaruza kwenye kuta au mawe na kubana mapezi yake. Asitibiwe dume mwenye vipele vya mashavuni tu. Dawa atakayotiwa haitaviondoa, na inaweza kuharibu bakteria wa kichujio wanaosafisha maji.

Jike hutambulika vizuri zaidi akitazamwa kutoka juu, jambo ambalo ni rahisi kwa aliyemfuga kwenye beseni au karo kuliko kwa mwenye tangi la kioo. Tumbo lake hutanuka, na mara nyingi upande mmoja huwa mkubwa kuliko mwingine kwa sababu mayai hayajazi mwili kwa usawa. Likiguswa taratibu kwa mkono uliolowa huwa laini, na tundu la kutagia hutokeza nje kidogo, wakati la dume limeingia ndani. Hata hivyo kila tumbo kubwa si mayai. Magamba yakisimama, macho yakitokeza na samaki akiacha kula, huo ni ugonjwa wa kujaa maji mwilini, na samaki huyo atengwe mara moja.

Dalili ya mwisho ni kufukuzana. Dume humfuata jike nyuma, akimgusagusa karibu na mkia na kumsukuma kwenye mimea au kona za tangi, na kwa kawaida utagaji wenyewe hutokea alfajiri na kuendelea saa chache za asubuhi. Jike mmoja kwa madume wawili ni uwiano mzuri. Madume wakizidi, jike huchoka na hupoteza magamba, na akionekana kulala chini akipumua kwa kasi ni heri aondolewe hata kama hajamaliza.

Mayai ya samaki huyu yananata, kwa hiyo yanahitaji kitu cha kushika. Uzi wa kufumia sweta, usiochuja rangi, uliochemshwa na kufungwa mafungu marefu yanayoning'inia majini, unafaa sana na ni wa bei nafuu. Wapo wanaotumia mizizi ya magugu maji kwa kuwa mayai hushika vizuri humo, lakini sishauri, kwani mmea huo ni tishio kwa mito na mabwawa na haufai kuhamishwa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa hadi maelfu, na wazazi wataanza kuyala punde tu watakapomaliza. Kwa hiyo mafungu ya uzi yahamishiwe kwenye beseni lenye maji yale yale ya tangi, au wazazi ndio watolewe.

Yai lililorutubishwa lina upana wa takribani milimita 1 hadi 1.5, nalo ni angavu lenye rangi ya asali hafifu. Ukiinua uzi kwenye mwanga siku ya pili au ya tatu utaona ndani yake vitone viwili vyeusi vya macho. Yaliyogeuka meupe hayakurutubishwa na huota ukungu unaowaambukiza jirani zake, hivyo yatolewe kwa kibano kila siku. Katika nyuzi 20 mayai huanguliwa kwa siku 5 hadi 7, na katika nyuzi 24 au 25 kwa siku 3 au 4. Beseni lisiachwe juani mchana wa Oktoba, kwa maana joto likizidi vifaranga wengi hutoka wakiwa na vilema.

Kifaranga aliyetoka kwenye yai hujibandika kwenye ukuta wa beseni akiishi kwa akiba ya kiini alichonacho tumboni, na kwa siku 2 hadi 3 hizo asipewe chochote. Anapoanza kuogelea kwa usawa ndipo maji ya kijani yenye vile vijiumbe, yaliyoandaliwa mapema, yanapohitajika. Namna ya kuyapata ni kuchukua maji ya zamani ya tangi, kuyaweka kwenye ndoo nyeupe juani pamoja na kipande cha jani la mchicha, na kufunika kwa kitambaa cha chandarua ili mbu wasitage humo. Vifaranga wapewe maji hayo mara kadhaa kwa siku. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kikikamuliwa kupitia kitambaa chepesi, ni msaada tu, na kitolewe kwa kiasi cha kutia wingu hafifu majini. Kikizidi huoza ndani ya saa chache na kuua kundi zima.

Baada ya wiki moja au mbili vifaranga huweza kula viroboto maji na viluwiluwi wa mbu wachanga, na baadaye dagaa waliokaushwa bila chumvi, wakasagwa na kuchekechwa kwenye chujio la chai. Dagaa wa Kigoma ni chakula bora kwa kazi hii, ila wakaguliwe wasiwe na mchanga. Ambaye vifaranga wake wako nje aangalie pia wadudu wa maji wanaokua kuwa kereng'ende, kwani mmoja tu humaliza vifaranga wengi usiku kucha.

Maji yabadilishwe sehemu ya kumi hadi ya tano kila siku, yakivutwa kwa mpira mwembamba wenye kitambaa mdomoni, na maji mapya ya bomba yakae wazi saa 24 ili klorini itoke, huku yakilingana joto na ya beseni. Wakazi wa Kigoma wanaotumia maji ya ziwa wawe makini zaidi hapa. Maji ya Tanganyika ni ya alikali, na katika maji ya namna hiyo amonia inayotokana na kinyesi huwa na sumu kali kuliko kwenye maji ya kawaida, kwa hiyo msongamano ambao mfugaji wa Tabora anaweza kuuvumilia unaweza kumuua kifaranga wa Ujiji.

Vifaranga huwa na rangi ya kijivu au kahawia, na wengi huanza kugeuka baada ya miezi 2 au 3, wengine baada ya mwaka, na wachache hawageuki kabisa. Mwenye mgongo uliopinda au mkia pungufu atolewe mapema, na wanaozidi nafasi wagawiwe au wauzwe kwa wafugaji wengine. Wasimwagwe mtoni, mfereji wa mvua wala bwawa la Igombe: mito ya Tabora kama Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi huishia Ziwa Tanganyika, ambalo lina samaki wengi wasiopatikana popote pengine duniani. Karo la nje liwekewe wavu kwenye tundu la kufurikia kabla mvua za Novemba hazijaanza.