SOMO: Namna ya kumchagulia mzazi gari dogo la bei nafuu (soma hadi mwisho kabla ya kuuliza)

Kila wiki napokea ujumbe wenye swali lile lile: "Nataka kumnunulia mama (au baba) gari dogo, nichukue lipi?" Nimelijibu mara nyingi mno, hadi majibu yangu yenyewe yameanza kupishana, ndiyo maana nimeamua kuandika somo hili mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Mimi si muuzaji wa magari wala si fundi. Nimemnunulia mama yangu magari mawili, la kwanza kwa papara na la pili kwa akili, na tangu hapo nimewasindikiza jamaa kadhaa kwenda kukagua yao.

Hatua ya 1. Muulize mzazi anakwenda wapi, anakwenda na nani, na anabeba nini. Usimuulize anapenda gari gani.

Hatua ya 2. Panga bajeti, kisha toa moja ya tano uiweke kando kwa ajili ya oili, vichujio, betri, breki na matairi. Gari lililotumika halikosi madai yake katika mwezi wa kwanza.

Hatua ya 3. Chagua ukubwa wa injini. Cc 1000 zinamtosha mzazi anayesafiri peke yake mjini, lakini kama njia yake ina milima na gari litajaa watu, tafuta cc 1300, kwa kuwa injini ndogo inayokamuliwa kila siku inaweza kula mafuta kuliko kubwa inayotembea bila taabu. Ujue pia kwamba Toyota Passo na Vitz za cc 1000 zilizotoka kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina injini ya silinda tatu, ambayo hutetemeka kidogo gari likiwa limesimama. Mweleze mzazi jambo hilo mapema, la sivyo utapigiwa simu kwamba gari ni bovu.

Hatua ya 4. Mzazi mwenyewe akae ndani ya gari kabla hujalipa. Hapa ndipo nilipoharibu, na hapa nitakaa.

Gari la kwanza nililikagua kwa siku mbili. Injini ilikuwa safi, bodi haikuwa na mkwaruzo, na bei ilikuwa ya chini kuliko nilivyotarajia. Nilikaa mimi, nikaendesha mimi, nikalipa, nikalipeleka nyumbani. Mama alifurahi sana. Kisha akageuka akakipa kiti mgongo, akashika ukingo wa juu wa mlango kwa mkono wa kushoto, akajishusha taratibu hadi magoti yalipokataa, na sehemu iliyobaki akajiachia akaanguka kitini. Kutoka ilikuwa kazi zaidi: alihitaji mikono yangu miwili. Kila nilipomuuliza alisema gari ni zuri mno na akaniombea dua. Baada ya miezi miwili nilitazama odomita, nikakuta imeongezeka kilomita 41. Alikuwa analisifu na kupanda magari ya watu. Nililiuza kwa hasara.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kiti cha nyumbani ambacho mzazi anainuka bila kujisukuma kwa mikono, upime kwa futi ya kamba kutoka sakafuni hadi pale anapokalia. Cha mama kilikuwa sentimita 52, na kiti cha lile gari kilikuwa sentimita 41; ningepima mapema, nisingehitaji kuandika aya hii. Unapopima kiti cha gari, pima mtu akiwa amekikalia, kwa sababu sponji hubonyea, na uhakikishe gari limesimama mahali tambarare. Kisha tazama kizingiti cha mlango: kikiwa kipana au kimeinuka sana, mguu unaouma hautavuka. Tazama kama kichwa kinapita chini ya kiunzi bila mzazi kuinama sana, na kama mlango hubaki wazi wenyewe katika hatua ya kati au unarudi na kumgonga mguu.

Onyo: mzazi wako atakwambia kwamba amekaa vizuri. Usimsikilize, mtazame. Mwombe aingie na kutoka mara tatu mfululizo, uhesabu ni mara ngapi ameshika kitu. Onyo la pili: usidhani kwamba gari refu kwenda juu ndilo jibu. Nimemwona mzee mmoja akipanda gari la juu kwa kujivuta kwenye usukani, na hilo ni baya kuliko kushuka kwenye kiti kifupi.

Hatua ya 5. Mzazi atakayeendesha mwenyewe avute kiti mpaka akanyage breki hadi mwisho bila kunyoosha goti lote. Sasa pima kutoka mfupa wa kifua hadi katikati ya usukani. Zisipungue sentimita 25, kwa sababu eabegi, yaani mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani, hufumuka kwa nguvu nyingi na mtu aliyeukumbatia usukani huumizwa na kifaa kilichowekwa kumwokoa. Wazazi wafupi hukwama hapa, na dawa yao ni gari ambalo kiti chake hupanda juu na usukani wake hushuka. Hendibreki nayo ijaribiwe kwa mkono wa mzazi, siyo wako.

Hatua ya 6. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa na joto, rudi siku nyingine, kwa sababu kelele za asubuhi na moshi wa kwanza hufichwa na injini iliyokwisha kupashwa. Funguo zikizungushwa kabla ya kuwasha, taa za onyo za injini na za eabegi lazima ziwake kisha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana huenda kuna mtu aliyeinyamazisha. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wenye rangi ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, na gasketi ya silinda hedi ni mshukiwa wa kwanza.

Hatua ya 7. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 3219 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Kashata za tairi zinaweza kuwa nene na tairi likawa limezeeka, hasa kwenye gari lililosimama muda mrefu.

Hatua ya 8. Hakikisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi inafanana na iliyoandikwa kwenye nyaraka, herufi kwa herufi.

Maswali yaulizwe hapa chini.

MASWALI NA MAJIBU

Kasuku_Mweupe: Mkuu, somo ni refu sana. Taja gari moja tu nikanunue, ni la mama.

Mtoa somo: Hatua ya 1 ina maswali matatu. Yajibu, nami nitataja.

Kasuku_Mweupe: Haendi mbali, ni la kuendea tu.

Mtoa somo: La kuendea wapi?

BintiMsafiri: Ndugu, asante kwa somo. Baba yangu ameendesha gari la gia za mkono kwa zaidi ya miaka 30, lakini sasa kifundo cha mguu wa kushoto kinamuuma na klachi inamchosha. Je, nimhamishie kwenye otomatiki, au katika umri wake mazoea mapya ni hatari zaidi?

Mtoa somo: Dada, hili ni swali ambalo nilipaswa kuliweka kwenye somo. Ikiwa klachi inamuuma, mhamishe sasa, angali na uwezo wa kujifunza, na usingoje mpaka maumivu yamlazimishe. Hatari kubwa ni mguu wa kushoto: kwa miaka yote hiyo umezoea kukanyaga kwa nguvu hadi mwisho, na siku atakapousahau utaikuta breki mahali pa klachi, gari lisimame ghafla na aliye nyuma amgonge. Mpeleke uwanja mtupu kwa siku kadhaa, mguu wa kushoto ukae kwenye kipumzikio chake na usiondoke hapo. Azoee pia kwamba gari la otomatiki hutambaa lenyewe ukiachia breki likiwa kwenye D, yaani gia ya kwenda mbele. Mfundishe kuegesha kwa kukanyaga breki, kuvuta hendibreki, kisha ndipo aweke P, ili uzito wa gari usiegemee kwenye giaboksi mahali penye mteremko.

Spana_Kumi: Mnawatisha watu bure na hizi giaboksi za CVT, zile otomatiki zisizo na hatua za gia. Mimi nimetia oili yoyote ya otomatiki iliyopatikana na gari linakwenda.

Mtoa somo: Somo langu halikutaja CVT hata mara moja, kwa hiyo sijui nimemtisha nani. Lakini kwa kuwa umelileta: CVT nyingi hutumia mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ule ushike bila kuteleza. Oili ya otomatiki ya kawaida haina sifa hiyo. Gari kwenda leo hakuthibitishi kwamba giaboksi haikwanguki. Atakayenunua gari la CVT atie oili iliyotajwa na kampuni iliyolitengeneza, na wakati wa majaribio asikilize kama gari linashtuka linapoanza kuondoka.

Spana_Kumi: Sawa, lakini bado langu linakwenda.

Mwendo_Pole: Mimi ninataka Honda Fit ya kizazi cha kwanza kwa ajili ya mama, kwa kuwa anatumia fremu ya kutembelea na nimesikia kiti cha nyuma hukunjwa kwa namna ya pekee. Kuna jambo la kuangalia?

Mtoa somo: Umesikia sawa. Tangi la mafuta la Fit liko chini ya viti vya mbele, badala ya chini ya kiti cha nyuma, ndiyo maana kalio la kiti cha nyuma huinuliwa juu na kuacha nafasi tupu kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Fremu husimama wima pale bila kukunjwa, na mama anaweza kuifikia kwa mlango wa pembeni bila kuzunguka hadi kwenye buti. Sasa tahadhari: injini ya cc 1300 ya kizazi hicho, ile ya i-DSI, ina plagi mbili kwa kila silinda, yaani jumla nane. Mafundi wengine hubadilisha nne za mbele zinazoonekana kwa urahisi na kuziacha za nyuma. Muulize muuzaji plagi ngapi zilibadilishwa. Akisema nne, umeshajua mengi kuhusu matunzo ya gari hilo.

Mwendo_Pole: Sikulijua la plagi. Ahsante sana.

Jirani_Mwema: Nyongeza kidogo. Kifaa cha kusoma makosa ya injini ni cha bei ndogo, lakini muuzaji mjanja huyafuta makosa asubuhi hiyo hiyo. Msitazame makosa peke yake, tazameni pia orodha ya vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe. Vingi vikionyesha kwamba havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa.

Mtoa somo: Nyongeza nzuri. Nami naongeza: vuteni mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Gari lililozama kwenye mafuriko husafishwa kila mahali, ila watu husahau ile sehemu ya mkanda inayolala ndani ya nguzo, na tope lake hubaki pale. Tazameni na kutu kwenye boliti za viti, chini ya zulia.

BintiMsafiri: Naomba nirudi kwenye eabegi. Gari ninalolitazama lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Nitajuaje kama liliitwa kurudishwa ili lirekebishwe kwa sababu ya eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata?

Mtoa somo: Umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu tatizo lile liligusa kampuni nyingi za magari, na linazidi kadiri gari linavyozeeka mahali penye joto na unyevu: kemikali inayojaza mfuko huharibika, na mfuko unapofumuka chombo chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Gari la soko la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17 kama magari ya masoko mengine. Lina namba fupi ya fremu, kwa mfano inayoanza na SCP10 kwa Vitz ya zamani. Ukiijaza kwenye ukurasa wa mtandaoni wa nchi nyingine itakataliwa, na kukataliwa huko hakumaanishi kwamba gari ni salama. Tumia ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyolitengeneza gari.

Mzee_Kijana: Je, haibridi ndogo (gari la mafuta na umeme) kama Toyota Aqua inamfaa mzazi? Mafuta yake ni kidogo.

Mtoa somo: Inamfaa anayetembea kila siku kwenye foleni. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na hewa inayoingia kupitia tundu lililo karibu na kiti hicho, kwa hiyo ukimpa mzazi anayerundika mifuko na mashuka kule nyuma, tundu litazibwa na betri itachemka. Kama gari litalala wiki tatu bila kuwashwa, betri ndogo ya volti 12 inaweza kuisha nguvu na gari lisiwake, hata kama ile kubwa imejaa.

Jirani_Mwema: Kuhusu kuingia garini, mama yangu hutandika mfuko wa plastiki juu ya kiti cha kitambaa, anakaa akiwa ameelekea nje, kisha anazunguka na miguu yote miwili pamoja. Nyonga haimuumi tena.

Mtoa somo: Mbinu nzuri, ila mfuko utolewe kabla ya gari kuondoka. Mtu aliyekalia kitu chenye kuteleza anaweza kupita chini ya mkanda gari likifunga breki kwa ghafla.

Kasuku_Mweupe: Nimerudi. Mama huenda hospitali mara mbili kwa mwezi na sokoni kila Jumamosi, yuko na mjukuu mmoja, anabeba kikapu. Kiti chake cha nyumbani ni sentimita 49. Kwa hiyo Vitz au Fit?

Mtoa somo: Ahsante kwa kupima. Yote mawili yanafaa kwa safari hizo. Mama amekaa kwenye lipi?

Kasuku_Mweupe: Bado hajakaa.