Miss Kenya ya mpira: kuunda DH.51 inayoruka kwa chelewa na karatasi ya tiara

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu alfajiri akiwa ufukweni Nyali. "Shikamoo mjomba. Bawa limelegea, karatasi inapwaya kama kanzu ya kuazima." Nikamwambia asirushe, angoje jua. Saa mbili akapiga tena: karatasi imekaza tiii, lakini bawa limejipinda. Nilicheka, maana mimi mwenyewe nilishatupa mabawa manne kwa tatizo hilohilo. Nimemwandikia yeye maelezo haya, na yeyote mwingine atakayetaka kujaribu.

Ndege tunayoiunda ni de Havilland DH.51, ya mabawa pacha na viti vitatu. Ziliundwa tatu tu duniani, na ya kwanza iliruka mwaka 1924. Moja kati ya hizo ililetwa kwa meli ikashushwa hapahapa Mombasa, mali ya mlowezi John Carberry. Mwaka 1928 ikawa ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya, kwa herufi G-KAA, baadaye VP-KAA, na jina lake likawa Miss Kenya. Mwaka 1965 ilirudishwa Uingereza tumboni mwa ndege ya mizigo ya jeshi, ikakarabatiwa, ikaruka tena 1973. Sasa iko Old Warden, hukohuko Uingereza, kwenye mkusanyo wa ndege za kale wa Shuttleworth, na ndiyo pekee iliyobaki kati ya zile tatu. Watoto wetu wanaijua Concorde, hii iliyopita bandarini kwao hawaijui.

Yetu ni ndogo, moja kwa ishirini, na inaendeshwa na mpira uliosokotwa. Haina mota wala rimoti. Ukitaka ya rimoti, kuna kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani, basi anzia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kabla hujanunua kitu. Mimi nimeshachagua mpira na sijutii.

Hatua ya 1: Ramani

Tafuta mchoro wa pande tatu, upeleke saiba ukachapishwe. Ndege ya kweli ina upana wa mita 11.28 na urefu wa mita 8.08, kwa hiyo yako iwe sentimita 56.4 kwa 40.4. Pima kwa rula kabla hujalipa, kwa sababu printa hupenda kupunguza mchoro ili uingie kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Vifaa

Shiti mbili za balsa, ule ubao mwepesi sana, za unene wa milimita 1.5 kwa ajili ya mbavu na kiwiliwili. Vijiti vya mishikaki vya mwanzi, vipasuliwe mara nne, viwe nguzo za kati ya mabawa. Karatasi ya shashi nyeupe, ileile ya kuundia tiara. Gundi nyeupe ya seremala. Wembe mpya, na usinunue kisu cha bei, wembe unatosha. Sanding sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi, na tina ya kuizimua, zote kutoka duka la rangi. Mpira wa ndege za mfano wa milimita 3, huu itabidi uagize. Wa manati ni mzito na haurudishi nguvu inavyotakiwa, nimeujaribu.

Kingo za mabawa ni chelewa, kile kijiti cha jani la mnazi. Watu hunibishia hapa, wanataka balsa kila mahali. Lakini chelewa ni nyembamba, haivunjiki ovyo, na kwa asili inakonda kuelekea nchani, ambavyo ndivyo bawa linavyotaka. Chomoa kwenye fagio la zamani, maana mpya bado ina maji ndani. Ibingirishe juu ya kioo cha meza: inayorukaruka ina kombo, iweke kando. Kisha zipange mbili mbili zenye uzito sawa, moja ya kushoto na moja ya kulia. Kama huna mizani ndogo, mwombe sonara akupimie, atakushangaa lakini atakupimia.

Hatua ya 3: Kiwiliwili na mifupa ya mabawa

Bandika ramani kwenye ubao laini, funika kwa nailoni, jenga juu yake kwa pini. Kiwiliwili ni sanduku la kawaida. Mabawa ni manne, mawili kila upande. Ncha za mabawa ziinuke sentimita 2.5 kutoka usawa wa katikati, zaidi kidogo ya ndege yenyewe, kwa sababu hii haina rubani wa kuirekebisha ikiyumba.

Hatua ya 4: Kuwamba karatasi

Hapa ndipo siku zangu zilipoishia, kwa hiyo nisome polepole.

Karatasi ina mwelekeo kama mbao. Chana kipande: upande mmoja kinachanika kwa mstari ulionyooka, upande mwingine kinakwenda kombokombo. Ule ulionyooka ndio uelekezwe kwa urefu wa bawa. Kisha lowesha kipande kingine, kikauke, ukitazame. Kuna shashi zikilowa zinalegea na hazikazi tena, hizo hazifai, na za rangi huchuja.

Zimua gundi nusu kwa nusu na maji. Anza chini ya bawa, gundi ipite kwenye kila ubavu, maana chini pana bonde na karatasi itajitenga nalo ikikaza. Juu ya bawa gundi ipite kwenye kingo tu. Na pande zote mbili ziwambwe siku moja. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwamba chini jioni na kuacha juu hadi kesho yake. Usiku upande mmoja ulivuta peke yake, asubuhi bawa limebinuka kama mtumbwi.

Gundi ikikauka, nyunyiza maji kwa chupa ya kunyunyizia nguo za kupigia pasi. Yawe ukungu, si matone. Karatasi italegea, usitishike. Papo hapo libane bawa kwenye ubao kwa pini, ukilitegemeza kwa vipande vidogo vya balsa ili hewa ipite chini. Chini ya ukingo wa nyuma, kwenye ncha, ongeza kipande cha milimita 2. Msokoto huo mdogo, ulio sawa kushoto na kulia, ndio utakaozuia ncha kuanguka ndege ikipunguza mwendo.

Sasa liache. Kosa langu la pili, na hili liliniharibia mabawa mawili kwa mpigo, lilikuwa pangaboi. Ilikuwa masika, nguo zenyewe hazikauki, nikaona niharakishe. Nikaliwasha, nikaenda zangu msikitini. Niliporudi, upande uliopigwa na upepo ulikuwa umekauka na kung'oa pini, ule wa pili bado mbichi. Bawa limejisokota utadhani ni rafadha, yaani propela. Wakati wa kaskazi usiku mmoja unatosha. Wakati wa mvua ngoja siku mbili.

Hapo wengi huona wamemaliza, na mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Karatasi tupu inakunywa unyevu wa pwani: alfajiri inalegea, jua likipanda inakaza, na kila inapokaza inavuta bawa upande wake. Lazima uizibe. Changanya sila na tina nusu kwa nusu, kisha kwenye kikombe kidogo tia matone mawili matatu ya mafuta ya mbarika. Mafuta hayo hulainisha sila isiendelee kuvuta miezi na miezi. Paka mara mbili kwa brashi laini, bawa likirudishwa ubaoni kila mara.

Paka saa sita mchana, siku kavu, nje au dirisha likiwa wazi, mbali na moto. Ukipaka baada ya mvua sila inaganda na utando mweupe kama ukungu wa kioo. Ukishaota, pitisha tina tupu kidogo siku ya jua, mara nyingi unaondoka. Tena, usithubutu kutumia mbavu za sponji ya kufungia televisheni badala ya balsa, tina inaila mpaka inakwisha.

Hatua ya 5: Rafadha na mpira

Ukubwa wa rafadha ya ramani hautairusha. Tengeneza ya sentimita 18: kata mapanga mawili kwenye ubavu wa kopo la mtindi, yakiegemea digrii 15 kutoka wima, uyafunge kwenye kijiti. Mhimili wa rafadha utazame chini kidogo na kulia kidogo. Mpira uwe nyuzi nne, uupake sabuni laini iliyochanganywa na glisarini ya duka la dawa.

Hatua ya 6: Mizani

Nyanyua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, theluthi ya kwanza kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, weka udongo wa kuchezea puani. Itahitaji, usione haya.

Hatua ya 7: Kurusha

Nenda maji yakiwa yamekupwa, asubuhi kabla upepo haujaamka. Majira ya maleleji, kati ya kusi na kaskazi, ndiyo bora. Kwanza irushe bila kusokota, kutoka usawa wa kifua, pua ikiinama kidogo. Ikiinua pua, ikasita, ikatumbukia, ongeza udongo. Ikipiga mbizi moja kwa moja, punguza. Ikishateleza vizuri, sokota mara 100, halafu uongeze hamsini hamsini. Ikikata kushoto kwa nguvu, sogeza mhimili kulia zaidi, usiguse bawa.

Ikiangukia baharini, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi palepale. Chumvi ikibaki kwenye karatasi itaendelea kuvuta unyevu hata chini ya sila. Beba chupa ya lita moja, na ule ubao wenye pini uwe kwenye buti la gari.