Spiriti na moto mezani: angalieni hapa

Wenzangu mnaopanda bakteria kwenye sahani za agari (rojo lililoganda la kukuzia bakteria), angalieni sana ile bika, yaani gilasi ya maabara, ya ethanoli (ndiyo spiriti yenyewe) iliyo karibu na kichomeo cha Bunsen, kile cha gesi. Ethanoli ya asilimia 70 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17 hivi. Maabara ya Dar es Salaam au Mombasa haipoi kufikia hapo, kwa hiyo mvuke upo muda wote. Tena mwali wake ni hafifu. Mchana, dirisha likiwa wazi, unaweza usiuone kabisa.

Weka ethanoli kidogo tu, kina cha sentimita moja au mbili, kwenye bika nzito isiyopinduka kirahisi, tena mbali na moto. Ukishachovya kwenye ethanoli kijiti cha kioo cha kusambazia bakteria, acha kichuruzike, kipitishe haraka kwenye mwali, kisha kiache kiwake chenyewe nje ya mwali. Kiinamishe chini, la sivyo ethanoli inayowaka itateremka hadi mkononi. Usikirudishe kwenye bika kabla hakijapoa. Ajali nyingi za aina hii huanzia hapo.

Bika ikishika moto, usiipulize, usiinyanyue. Ifunike kwa kifuniko cha kioo au cha chuma (kiwe tayari pembeni kabla hujawasha chochote), halafu zima gesi.

Na kama umepangusa meza kwa spiriti, subiri ikauke kabisa ndipo uwashe kiberiti. Nywele ndefu na ushungi, bana vizuri nyuma.